Kometi ya Oktoba 2024 katika ua wa Tabata: ilikosekana Jumatatu, ikaonekana Jumanne

Jioni ya Jumatatu tarehe 14 Oktoba 2024, siku ya mapumziko ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, familia moja ya Tabata, jijini Dar es Salaam, ilitoka uani na darubini ya macho mawili, saizi 10x50, kuitafuta kometi, ile ambayo wengi huiita nyota yenye mkia, ambayo picha zake zilikuwa zimejaa kwenye simu za watu: C/2023 A3, maarufu kwa jina la Tsuchinshan–ATLAS. Walisubiri giza liingie vizuri, wakatoka saa 1:45 usiku. Wakapekua anga la magharibi nusu saa nzima wasione kitu. Wakafikia uamuzi ambao karibu kila mtu wa Dar angeufikia: taa za jiji zimeimeza.

Jumanne, katika nyumba ile ile na kwa darubini ile ile, waliiona saa 1:05 usiku. Taa za Tabata hazikuwa zimepungua hata moja. Kilichobadilika ni saa, mahali pa kusimama na alama za kufuata. Tunakichambua kisa hiki kwa undani kwa sababu makosa ya Jumatatu ni yale yale yatakayowakosesha watu kometi nyingine yoyote angavu itakayotokea karibu na jua, na yote yanaepukika bila kutumia hata shilingi.

Kometi ilikuwa wapi

Kometi hii iligunduliwa mwaka 2023. Ilionekana kwanza na wachunguzi wa kituo cha kutazama anga cha Purple Mountain nchini China mwezi Januari, kisha mwezi Februari na darubini ya ATLAS, mradi wa kusaka asteroidi, iliyoko Afrika Kusini. Ililikaribia jua zaidi tarehe 27 Septemba 2024, ikiwa umbali wa kilomita milioni 58 hivi. Tarehe 12 Oktoba ikapita karibu zaidi na dunia, kilomita milioni 70 hivi kutoka kwetu. Mwishoni mwa Septemba ilikuwa ya alfajiri, upande wa mashariki. Ikapotea siku chache ndani ya mwanga wa jua, kisha kuanzia tarehe 11 au 12 Oktoba ikahamia upande wa magharibi, jioni.

Kuanzia hapo mambo mawili yalikwenda kinyume. Kila jioni kometi ilikuwa juu zaidi kuliko jana yake, na kila jioni ilikuwa imefifia zaidi. Juu ya hayo mwezi ulikuwa unakua. Ulikuwa mpevu tarehe 17. Kwa hiyo jioni za kwanza zilikuwa na kometi angavu iliyo chini mno, na jioni za baadaye zilikuwa na kometi iliyo juu lakini hafifu. Hakuna jioni moja iliyokuwa nzuri kwa kila kitu, na anayetaka kuona vizuri hupanga jioni mbili au tatu tangu mwanzo.

Kosa la kwanza: kusubiri giza

Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Hapa jua na kila kitu kilicho jirani yake angani huzama karibu wima. Kitu kilicho magharibi hushuka nyuzi 1 kila baada ya dakika 4, bila kuteleza pembeni kama inavyokuwa Ulaya. Giza nalo huja haraka: katikati ya Oktoba jua huzama saa 12:16 jioni, na kufikia saa 1:27 usiku wekundu wote umekwisha. Kwa walio wengi jijini, muda huo unapimika bila saa. Ni ule ulio kati ya adhana ya magharibi na adhana ya isha.

Tarehe 14 kometi ilizama dakika 80 hivi baada ya jua, yaani karibu saa 1:35 usiku. Familia ilipotoka saa 1:45, ilikuwa imeshakwenda. Hapakuwa na kitu cha kutafuta.

Hapa ndipo darubini inapofanya kazi yake kubwa. Wengi hudhani darubini ni ya kukuza kitu ambacho jicho limeshakiona. Kwa kometi iliyo karibu na jua, darubini ni ya kutafutia kabla jicho halijaweza, wakati anga bado lina rangi ya buluu na machungwa. Kometi ya 14 Oktoba ingeonekana kwa 10x50 kuanzia takriban saa 12:45 jioni, ikiwa kimo cha nyuzi 12 hivi juu ya upeo wa macho. Saa 1:00 usiku ilikuwa imeshuka hadi nyuzi 8 au 9. Saa 1:15 ilikuwa nyuzi 5, na hapo mwanga wake ulikuwa unapita kwenye hewa nene mara 10 ya ile unayoipita ukiwa utosini. Hewa ya Dar jioni ina mvuke wa bahari, vumbi, moshi wa mkaa na wa taka zinazochomwa, kwa hiyo nyuzi 5 za mwisho zihesabu kama hazipo. Muda wa kufanya kazi ulikuwa nusu saa, saa 12:45 hadi 1:15. Basi.

Kuna tahadhari moja isiyo na mjadala. Usiinue darubini kuelekea magharibi kabla jua halijazama lote. Mwanga wa jua uliokusanywa na lenzi mbili za milimita 50 huharibu jicho kwa sekunde moja, na uharibifu huo hautibiki. Watoto wasikabidhiwe darubini mpaka mtu mzima ahakikishe jua limekwenda.

Kosa la pili: ukuta

Hata kama wangetoka saa 12:45, wangekuwa na dakika chache tu. Ukuta wa uzio wao upande wa magharibi una mita 2.5, na walisimama mita 6 kutoka ukutani. Macho ya mtu mzima aliyesimama yako kama mita 1.5 kutoka ardhini, hivyo ukuta unamzidi kwa mita 1. Mita 1 kwa umbali wa mita 6 ni pembe ya nyuzi 9.5. Kwa maneno mengine, ukuta ulikuwa unaficha kila kitu kilicho chini ya nyuzi 9.5, na kometi ilivuka mpaka huo kabla ya saa 1:00. Aliyekaa kwenye kiti, macho yakiwa mita 1.1, alifichwa hadi nyuzi 13. Yeye asingeiona kabisa.

Hesabu hii ifanyike mchana. Huhitaji kikokotoo, unahitaji mkono wako. Nyosha mkono mbele, ukunje ngumi: upana wa ngumi ni takriban nyuzi 10. Vidole vitatu vya kati ni nyuzi 5. Kidole kidogo ni nyuzi 1. Weka chini ya ngumi usawa wa macho yako uone ukuta, mwembe au bati la jirani linafika wapi. Likifunika ngumi nzima, mahali hapo hapafai kwa kometi iliyo chini, hata kama panapendeza.

Suluhisho la kwanza ni kurudi nyuma. Kutoka mita 6 hadi mita 12, ukuta ule ule unashuka kutoka nyuzi 9.5 hadi chini kidogo ya 5. La pili ni kupanda. Nyumba hii, kama nyingi za Dar, ina ngazi ya nje inayoelekea kwenye zege la ghorofa ambalo halijamaliziwa. Jumanne walisimama kwenye ngazi hiyo, mita 2 juu ya ardhi, na ukuta ukatoka kabisa kwenye hesabu. Zege lisilo na kingo lina hatari yake gizani: panda wakati kuna mwanga, weka kiti mahali pamoja, na usipige hatua hata moja darubini ikiwa machoni.

Wapo walioshauri kwenda ufukweni kwa kuwa kule kuna anga wazi. Coco Beach na Kunduchi zinatazama mashariki. Kwa kometi ya jioni unaipa bahari mgongo na kutazama taa za mjini. Kigamboni ni hivyo hivyo: magharibi yake kuna bandari na taa zake za usiku kucha. Ufukwe ungefaa kwa kometi hii hii mwishoni mwa Septemba, alfajiri. Kwa jioni, afadhali kilima cha Kinyerezi au Mbezi ya Kimara, au ngazi ya nyumbani.

Kosa la tatu: alama za watu wa kaskazini

Maelekezo waliyoyafuata yalisema kometi iko kati ya sayari ya Zuhura na nyota ya Arcturus. Kwa mtu wa Ulaya au Marekani yalikuwa maelekezo mazuri. Kwa Dar yalikuwa na tatizo ambalo aliyeyaandika hakuwa na sababu ya kuliona: Arcturus iko kaskazini sana angani, na huku kwetu katikati ya Oktoba huzama kabla giza halijaingia. Saa 12:36 jioni ilikuwa nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho, anga likiwa bado jeupe. Saa 1:00 ilikuwa imeshazama. Walikuwa wanatafuta kitu kati ya alama mbili, moja haipo. Baba wa familia aliichukua nyota nyingine iliyo juu zaidi akidhani ndiyo Arcturus, na upekuzi wote ukahamia mahali pasipo na kometi.

Zuhura yenyewe ilikuwa alama ya kutegemewa. Ilionekana kwa macho dakika 20 baada ya jua kuzama, upande wa kushoto wa machweo, na saa 1:00 usiku ilikuwa na kimo cha nyuzi 22 hivi. Kutoka hapo, kometi ya tarehe 14 ilikuwa ngumi mbili kulia na ngumi moja na nusu chini. Tarehe 15 ilikuwa ngumi mbili kulia na chini kwa pungufu kidogo ya ngumi moja. Tarehe 17 zilikuwa karibu kimo kimoja, na baada ya hapo kometi ikawa juu ya Zuhura.

Alama ya pili, tunayoipendekeza zaidi, haina nyota kabisa. Tazama jua linapozama, kisha chagua kitu kisichohama lilipozamia: mnara wa simu, tangi la maji, mnazi. Tarehe 14 na 15 kometi ilikuwa ngumi moja tu kulia ya hapo, karibu magharibi kamili. Alama hiyo inafanya kazi hata Zuhura ikifunikwa na wingu, na mawingu ya Oktoba, vuli inapoanza kujikusanya, hupenda kukaa magharibi jioni.

Darubini na mikono

Darubini ya 10x50 inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Gawanya 50 kwa 10 upate 5: mwali unaoingia jichoni una upana wa milimita 5. Ya 7x50 inatoa milimita 7, na vitabu vingi huisifu kwa anga. Kwa ua wa mjini sisi tunaichagua 10x50. Mboni ya jicho iliyozungukwa na taa za mtaa haifunguki hadi milimita 7, hivyo mwanga wa ziada unapotea. Na ukuzaji mkubwa zaidi huyafanya mandharinyuma ya anga kuwa meusi zaidi, kometi ikajitokeza. Hasara yake ni mtetemo.

Angalia maandishi karibu na jicho la darubini: 6.5° au 114 m/1000 m, ambayo ni kitu kimoja. Maana yake duara unaloliona lina nyuzi 6.5, upana wa vidole vitatu na kidogo zaidi. Epuka darubini za kukuza kwa kubadilisha, zilizoandikwa kwa mfano 10-30. Duara lao ni finyu na kutafutia kwake ni mateso. Epuka pia zenye lenzi nyekundu zinazong'aa. Rangi hiyo inarudisha nje mwanga ambao ulipaswa kuingia.

Kulenga kuna hatua ambayo wengi huiruka. Funika lenzi ya kulia ya mbele kwa kiganja, tazama Zuhura kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Kisha funika ya kushoto, na bila kugusa gurudumu la kati, zungusha pete ya jicho la kulia mpaka nukta irudi. Ibane pete hiyo kwa kipande cha selotepu. Kometi ni kitu chenye kingo zilizofifia. Nyota iliyolengwa vibaya bado huonekana kama doa, lakini kometi iliyolengwa vibaya huyeyuka ndani ya anga na hutajua kama umeipita.

Mtetemo unatibiwa kwa kuegemea. Viwiko juu ya ukingo wa ngazi au paa la gari hupunguza sehemu kubwa. Njia ya bei rahisi kuliko zote ni mpini wa fagio la kufyekulia buibui: simamisha mpini, shika darubini pamoja na ncha ya juu ya mpini kwa mikono yote miwili, chini ukanyagie kwa kiatu. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mkia wa kometi ambao hukuuona kwa mikono mitupu unajitokeza.

Jumanne darubini iliwapa tatizo jingine. Ilikuwa imelala chumbani chenye kiyoyozi. Ilipotolewa nje saa 12:45, lenzi zilifunikwa na ukungu papo hapo, kwa kuwa hewa ya Dar ni yenye unyevu na kioo kilikuwa baridi. Mtu akazifuta kwa ncha ya kanga, ukungu ukarudi, na vumbi la chumvi likaacha michirizi. Ilipita zaidi ya robo saa kioo kikapata joto la nje. Dawa yake ni kuitoa nusu saa kabla ya magharibi ikiwa ndani ya mfuko wake, na kuacha ukungu uondoke wenyewe.

Upekuzi uliofanikiwa

Walianza kutoka alama ya machweo, mnara wa simu wa mbali, wakahama ngumi moja kulia. Kisha wakapekua kwa mistari ya kulala, kutoka chini kwenda juu. Mpangilio huo una sababu: kilicho chini kinazama kwanza, kwa hiyo kinatafutwa kwanza. Kila mstari ulipanda kwa nyuzi 4 juu ya ule uliotangulia, ili duara la nyuzi 6.5 lipitilize kidogo na kusiachwe pengo. Kila hatua ilikaa sekunde 3. Anayepeperusha darubini bila kusimama haoni kitu, maana jicho linahitaji kutulia ili kutambua doa hafifu.

Saa 1:05 usiku, kwenye kimo cha nyuzi 13 hivi, ilijitokeza: kichwa kidogo chenye mng'ao wa manjano, na juu yake ufito wa mwanga unaopanda ukiegemea kulia, ukijaza karibu nusu ya duara. Mkia wa kometi huelekea upande ulio mbali na jua, na kwa kuwa hapa jua lilikuwa chini karibu moja kwa moja, mkia ulisimama. Hiki ni kipimo kizuri cha ukweli. Ufito unaolala sambamba na upeo wa macho muda mfupi baada ya machweo karibu kila mara ni moshi wa ndege uliopigwa na mwanga wa jua, nao huhama au kupanuka ndani ya dakika mbili. Nukta kali isiyo na mkia iliyosambazwa kwenye simu nyingi wiki ile ilikuwa Zuhura.

Baada ya kuipata kwa darubini, wawili kati yao waliiona kwa macho matupu kwa kuangalia kandokando yake kidogo. Picha za wapiga picha zilionyesha mkia mrefu mara nyingi zaidi, pamoja na mkia mwembamba wa pili ulioonekana kana kwamba unaelekea jua. Wa pili huo usiutafute kwa 10x50 kutoka Tabata; mwezi ulikuwa umekaribia kupevuka na anga lote lilikuwa na weupe.

Jumamosi tarehe 19 walirudi. Mwezi siku hiyo ulichomoza baada ya saa 2:00 usiku, kwa hiyo kulikuwa na zaidi ya nusu saa ya giza la kweli, kometi ikiwa nyuzi 20 juu. Kwa macho matupu haikuonekana tena. Kwa darubini kichwa kilikuwa hafifu kuliko Jumanne lakini mkia ulikuwa mrefu zaidi, hadi karibu duara zima, kwa sababu mandharinyuma yalikuwa meusi na hewa ilikuwa nyembamba zaidi. Tukiulizwa jioni ipi ilikuwa bora kwa 10x50 mjini, jibu letu ni hiyo ya 19, ambayo wengi waliiacha wakidhani kometi imeshapita.

Hesabu ya kometi ijayo

Fungua programu ya anga kama Stellarium na uhakikishe mahali palipowekwa ni Dar es Salaam. Soma saa ya kuzama jua na saa ya kuzama kometi. Toa moja kwa nyingine upate dakika. Ondoa 30 za mwanzo, anga likiwa jeupe mno, na 20 za mwisho, kometi ikiwa ndani ya ukungu na moshi. Kinachobaki ndicho muda wako. Kwa 14 Oktoba: 80 kutoa 50, dakika 30. Kwa 15 Oktoba kometi ilizama karibu saa 2:00 usiku: 104 kutoa 50, zaidi ya dakika 50. Ikibaki chini ya 10, subiri kesho. Kwa kometi ya alfajiri geuza hesabu: 20 za mwanzo ni za ukungu, 30 za mwisho ni za mapambazuko. Na kimo cha kometi jua linapozama, kwa hapa Dar, ni dakika hizo za tofauti ukigawanya kwa 4, kwa kukadiria.

Kisha itunze darubini, maana unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na ikishaingia fundi atalazimika kuifungua yote. Iweke kwenye kontena la plastiki linalobana, pamoja na punje za silika zinazobadilika rangi. Rangi ikigeuka, zimwage kwenye trei, uzikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 120 kwa saa 2, kisha uzirudishe. Vumbi la chumvi lipulizwe kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, lifuatwe na brashi laini, na kitambaa cha lenzi kije mwisho.